Uzoefu wangu: kutembea Msitu wa Masingini, Unguja

Mtu wa mjini anayetaka kutembea chini ya miti bila kuimaliza siku nzima, mimi humwambia aende Masingini kabla ya kufikiria msitu wa Jozani. Jozani ni kilomita 35 hivi kutoka mjini, kwa hiyo ukiamua kwenda huko umeamua safari. Masingini unapanda daladala ya Bububu, namba 502, halafu bodaboda inakupandisha mpaka getini. Patana nauli ya kwenda na kurudi papo hapo, uchukue na namba ya simu ya dereva. Usitegemee kukuta pikipiki inayosubiri abiria. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kiwe mfukoni, maana kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni si kimoja.

Njia ni nyepesi kweli, ila kwa sharti la udongo kuwa mkavu. Mgongo wa Masingini haufiki mita 150 juu ya bahari, hapana jabali la kuparamia, na mtoto wa skuli ya msingi anaumaliza huku anapiga soga. Tatizo ni kinongo, ule udongo mwekundu. Ukishiba maji, mteremko uliokuwa mwepesi jana leo ni sabuni tupu. Na kinachoangusha watu ni kushuka, si kupanda: mtu hutanguliza kisigino, kisigino kinateleza, anakaa chini. Shuka mshazari, hatua fupi, magoti yamelegea, na ukanyage ukingoni penye majani makavu na mizizi midogo badala ya katikati palipokanyagwa pakalainika. Wakati wa masika, Machi mpaka Mei, ngoja siku mbili kavu ndiyo uende. Usiipime njia kwa barabara ya kwenu. Kivulini jua haliingii vizuri, kwa hiyo njia hubaki na utelezi wakati barabara imeshakauka zamani.

Vaa raba zenye meno marefu. Kandambili hapana, na makobazi yenye soli laini ni hatari zaidi kwa sababu yanakudanganya kwamba umevaa viatu. Suruali ndefu, miguu yake iingie ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu wanaokata njia baada ya mvua: ukiwaona, ruka mstari wao na uendelee, usisimame kupiga picha. Anayevaa buibui alipandishe kidogo na avae suruali ndani. Nguo nyeupe iacheni nyumbani. Doa la kinongo halitoki kwa kufuliwa mara moja. Maji lita moja kwa mtu mzima yanatosha kwa matembezi ya saa mbili.

Kipupwe kinapoingia, jihadhari na upupu. Maganda yake yenye manyoya ya kahawia hukauka, upepo wa kusi ukayapukuta manyoya. Yakikugusa usikune wala usipanguse kwa kiganja, utayasambaza tu. Bandika selotepu, bandua, rudia kwa kipande kipya, kisha ndiyo uoshe kwa sabuni. Kijiroli kimoja cha selotepu mfukoni kinaokoa matembezi.

Kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wapo. Waliletwa hapa miaka ya 1970 kutoka sehemu nyengine za Unguja, lakini usiende ukitarajia wakukaribie kama wa Jozani. Nenda saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tatu, au kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Mchana hupumzika juu mitini, kwani tumbo lao lina kazi kubwa ya kusaga majani. Tumbo hilo hilo ndiyo sababu ya kutowapa ndizi mbivu: sukari ya tunda lililoiva huchachuka ndani na kuwaumiza. Kaa mbali nao angalau mita tatu, na mwenye mafua asisogee kabisa. Kumtenganisha na kima wa kawaida, tazama mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizouzunguka uso mweusi. Akishika tawi karibu nawe utaona hana kidole gumba.

Chukua muongozaji, japo njia unaiona. Muulize miti, na muulize habari za maji, kwa sababu hapo ndipo thamani ya msitu huu ilipo. Majani yanavunja kasi ya mvua, takataka za chini zinaishikilia, udongo unainywa taratibu, na maji hayo ndiyo yanayolisha chemchem za chini ya mgongo, Bububu na Mtoni. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala 1870 hadi 1888, aliujengea mji mfereji wa maji ya chemchem za upande huu wa kaskazini, na mpaka leo mji unakunywa kutoka huku. Ndiyo maana nakereka nikiona chupa imetupwa pembeni mwa njia, na nakereka zaidi na wanaokata kona kwenye mteremko ili wafupishe: kila njia ya mkato inakuwa mfereji mvua inaponyesha, unachukua udongo, na maji yanakimbia badala ya kuzama. Piteni njia iliyopo hata kama ina tope, na mfuko wa taka mtoke nao.

Saa kumi na moja jioni uwe umeshageuza uso kurudi. Jua letu halichelewi kuzama, na chini ya miti kiza hutangulia.