Kadi ya treni ya wazee Uingereza: wakala wa Nakuru alivyomnyima mama punguzo

Kadi yenyewe sina neno nayo, ni nzuri. Aliyenichoma roho ni wakala wa safari hapa mjini Nakuru, na mpaka leo nikipita mlangoni pake damu hunichemka.

Mama ana miaka 71. Alikuwa anaenda kumwona dada yangu Manchester, tukataka tiketi za treni kutoka London zikatwe mapema, maana ukingoja siku ya safari bei hupanda. Nilikuwa nimesikia kwamba kule aliyetimiza miaka 60 hununua Senior Railcard na kupunguziwa thuluthi ya nauli. Nikauliza. Kijana hata hakuinua macho kwenye simu: "Shosho, hiyo ni ya wazungu." Nimeuliza mimi, anamjibu mama! Mama akafungua fundo la leso, akatoa pasipoti, akaiweka kwenye kaunta. Kijana akaisukuma kwa ncha ya kalamu, hakuifungua. Tukalipa nauli nzima, kwenda na kurudi.

Uongo mtupu. Kadi ile haiulizi uraia, inauliza umri. Dada alimpeleka mama stesheni ya Manchester Piccadilly, mhudumu akafungua pasipoti ileile, akasoma tarehe ya kuzaliwa, yakaisha. Ni pauni 35 kwa mwaka. Tiketi ya pauni 90 unalipa 60, kwa hiyo ukishakata tiketi za pauni 105 hela ya kadi imerudi. Mama akaenda Leeds, akaenda Birmingham, akafika hadi Liverpool kwa jirani wetu wa zamani. Angalieni tu: safari za London na kusini-mashariki, asubuhi za siku za kazi wakati wa msongamano, punguzo halipo. Na msiiache nyumbani, hukaguliwa ndani ya treni.

Niseme haki, tiketi ya ndege kijana aliitafuta vizuri, bei ikawa nafuu, na nilikuwa tayari kumpa nusu ya sifa. Lakini ile kalamu! Mwalimu aliyewafunza kusoma watoto wa Molo, pasipoti yake isukumwe kama karatasi ya mandazi? Hapana, nimeghairi. Msimpelekee wazazi wenu.

Dada anamwita mama tena, na kadi haijaisha muda. Safari hii tiketi tutakata wenyewe.