Kifurushi cha kroshia ya fileti na mawaridi yangu yaliyobonyea

Kwa wanaoniuliza kama kile kitambaa cha meza nilikinunua: hapana, nimekifuma mwenyewe, jioni kwa jioni, miezi miwili kasoro. Nilichonunua ni kifurushi cha kufumia, kwa muuzaji wa mtandaoni wa Dar es Salaam, kikaja Kigoma kwa basi. Shilingi 38,000 na nauli ya mzigo ndani yake. Kina madonge matatu ya uzi mweupe wa pamba namba 10, gramu 50 kila moja, sindano ya kroshia, na ramani ya maua ya waridi. Muuzaji simtaji, maana nina ya kumsifu na ya kumlaumu.

Fileti ni kroshia ya vyumba. Ramani ni karatasi ya miraba tu: mweupe unauacha wazi, mweusi unaujaza, na ua linajitokeza lenyewe kadiri unavyopanda. Chumba kitupu ni nguzo moja, yaani fundo refu lililosimama, minyororo miwili, yaani vitanzi viwili vilivyofuatana, kisha nguzo nyingine. Kilichojaa, ile minyororo miwili unaweka nguzo mbili mahali pake. Basi. Jina lenyewe ni la Kifaransa, maana yake wavu, kwa sababu zamani maua haya yalidariziwa juu ya wavu wa kufungwa mafundo, kroshia ikaja kuiga. Shemeji yangu, mvuvi wa Kibirizi, aliikuta kazi yangu mapajani kwangu akauliza huo wavu ni wa dagaa au wa migebuka.

Ramani hii ina vyumba 45 kwa upana na mistari 130. Pembeni vyumba vimejaa, kwa hiyo unaanza na minyororo 138: 45 mara tatu, ongeza tatu za kusimamia nguzo ya kwanza. Nguzo inayofuata unaichoma kwenye mnyororo wa nne kutoka kwenye sindano. Hesabu hiyo niliipiga mwenyewe, maana karatasi ya maelekezo haikuiandika. Ilichoandika, kwa Kiingereza, ni kwamba kila nguzo ni “dabo”. Mama mdogo wa Ujiji, aliyenifundisha kufuma nikiwa darasa la tano, alifundishwa na masista kwa lugha ya Uingereza, na kwake dabo ni kale kafundo kafupi. Nikafuma mistari mitatu ya dabo ya mama mdogo, nikapata kamkanda kagumu kama cha begi, wavu hauonekani. Kumbe karatasi ilikuwa ya Kimarekani, na dabo ya Marekani ndiyo trebo ya Uingereza, lile fundo refu. Muuzaji angeandika sentensi moja tu juu ya hilo ningeokoa usiku mzima.

Nikafumua, nikaanza upya. Mstari wa 20, ua la kwanza limeanza kufunguka, nikaona limekaa kama chapati iliyokaliwa. Nikachukua rula. Kwenye sentimita 10 nilikuwa na vyumba 12 kwa upana lakini mistari 14 kwa kimo. Vyumba vyangu havikuwa miraba. Kwa mwendo huo kitambaa kingeishia sentimita 93, na karatasi iliahidi 108. Mkono wangu unabana, nakubali, ila sindano nayo ilichangia: haina namba ya unene, na ndoano yake ina mkwaruzo unaochana nyuzi, hivyo unavuta kwa nguvu bila kujijua. Niliiweka kando, nikanunua ya milimita 1.5 soko la Mwanga. Kisha nikajizoesha kitu kimoja: kitanzi cha kwanza cha kila nguzo nakivuta juu kidogo kabla ya kukimalizia. Mistari ikashuka hadi 13 kwenye sentimita 10, na waridi likapata shingo. Vyumba 900 nilivifumua kwa ajili hiyo. Mjaribu kipande kidogo kwanza jamani, mimi sikujaribu.

Uzi sasa. Uzi nausifu bila kubania. Umesokotwa vizuri, hauoti manyoya hata ukifumuliwa mara mbili, na madonge yote matatu yana namba moja ya loti, kwa hiyo weupe ni uleule mwanzo hadi mwisho. Donge la tatu nililigusa karibu na mwisho tu, lililobaki limetosha vitambaa viwili vya vikombe.

Nilipomaliza nilikiosha, nikakichovya kwenye maji ya wanga wa muhogo, mwepesi, nikakitandaza juu ya godoro lenye shuka na kukibana kwa pini kila pembe ya vyumba. Kilivyokauka kilifika mita 1 na sentimita 3. Hazijafika 108, lakini pembe zimenyooka.

Mtihani wenyewe ulikuja Jumapili ya pili. Migebuka ya mawese, wageni sita, na mkono wa mtoto. Doa la chungwa katikati ya ua la tatu, nikahisi machozi. Nililiosha kwa sabuni ya mche mpaka mafuta yakatoka, ila rangi ikabaki. Mama mdogo akasema kianike juani kikiwa na maji, rangi ya mawese hailiwezi jua. Siku mbili kwenye kamba ya nyuma ya nyumba, ikapauka mpaka ikaisha. Uzi haukugeuka manjano wala kulegea.

Kifurushi nakipa nyota tatu na nusu: uzi tano, ramani nne, maelekezo mbili, sindano sijui nianzie wapi. Nimeshaagiza kingine chenye ramani ya ndege, na nimewaandikia kabisa kwamba sindano wabaki nayo.