Video za baba, saiba na FFmpeg: uzoefu wangu

Baba alipostaafu ualimu mwaka 2012 tulimfanyia sherehe nyumbani Ahero, na mjomba akairekodi yote kwa kamera ya Sony ya mkononi. Kadi ikalala kabatini. Krismasi iliyopita mama akataka kuitazama kwenye runinga, nikazinakili faili kwenye flashi. Runinga ikasema hakuna kitu kwenye flashi, kumbe faili zipo, ila zinaishia na .MTS.

Nikakimbilia saiba moja hapa Kisumu. Kijana alinitoza shilingi 500, nikarudi na MP4 zinazocheza bila shida. Mama akafurahi. Mimi sikufurahi, maana faili iliyokuwa na GB 1.9 ilirudi na MB 300, na akina mama walipoanza kucheza, vitenge vyao viligeuka viraka vya mraba. Sura ya nyanya, ambaye hatunaye tena, ilikuwa kama imepakwa mafuta. Nilitaka mahindi yatolewe kwenye debe yatiwe kwenye gunia; yeye aliyapitisha poshomili kwanza.

MTS ni gunia tu. Ndani yake, kwa kamera hizi za AVCHD (mfumo wa kurekodi wa kamera kama hiyo ya mjomba), picha huwa imebanwa kwa mtindo uitwao H.264, na MP4 inaipokea H.264 ile ile. Hakuna sababu ya kuibana upya. Binamu yangu ndiye aliyenielekeza kwa FFmpeg, programu ya bure iliyoanza mwaka 2000. Haina dirisha wala vitufe. Unaandika amri kwenye ule ukurasa mweusi:

ffmpeg -i 00000.MTS -c copy baba.mp4

Mara ya kwanza nilisahau -c copy, yaani nakili bila kubana upya. Feni ya laptopu ikanguruma kama matatu inayopanda Riat, nami nikakaa nikingoja, kumbe ilikuwa inabana video upya kama yule kijana. Nilipoiandika sawasawa, faili yote ilihama kabla dakika haijaisha, na ukubwa ukabaki karibu ule ule. Siku hizi feni ikianza kelele najua nimekosea amri.

Sasa malalamiko. Nilimtumia dada yangu aliye Nakuru kipande kimoja, akanipigia: “Wewe, baba anahutubia lakini simsikii!” Runinga yetu ilikuwa na sauti, simu yake haikuwa nayo. Kamera ilirekodi sauti kwa mtindo uitwao AC-3, na simu nyingi haziichezi. Hili lilinila jioni mbili. Dawa yake ni kuigeuza sauti peke yake iwe AAC, mtindo ambao simu huucheza, na kuiacha picha kama ilivyo:

ffmpeg -i 00000.MTS -c:v copy -c:a aac baba.mp4

Hapo sauti inabanwa upya, ndiyo, lakini hotuba ya baba kwenye maikrofoni iliyokuwa ikipiga miluzi haikuwa na cha kupoteza.

Pia kamera ilikuwa imekata sherehe vipandevipande, kila kimoja kama dakika 15. Nilipoviunganisha kuwa kimoja, faili ilipita GB 4 na flashi yangu ya FAT32 (mpangilio usiopokea faili kubwa hivyo) ikaikataa, basi nikaviacha vilivyo. Ile mistari myembamba inayoonekana mtu akikimbia, kwa kuwa kamera ilirekodi picha kwa mistari nusu-nusu, nayo iko pale pale. FFmpeg inaweza kuiondoa, ila hapo lazima ubane upya, na sijataka. Tena faili mpya hupata tarehe ya leo, kwa hiyo andika mwaka kwenye jina mapema.

Kwa mtu asiyependa kuandika amri, LosslessCut hufanya kazi hii hii kwa kubonyeza, maana ndani yake kuna FFmpeg. HandBrake nayo nimeona wengi wakiisifu, lakini kwa hili haifai: picha lazima iibane upya.

Alama zangu ni nane kwa kumi; mbili nimezikata kwa sababu ya zile jioni za sauti. MTS zenyewe sijafuta hata moja, ziko kwenye diski mbili, na moja nimempa mjomba.