Hedseti ya baiskeli yangu: ya kwanza haikuingia, ya pili inanifaa

Baiskeli yangu ni ya mlimani, mtumba, fremu ya alumini na magurudumu ya inchi 26. Siku za kazi naiendesha kutoka Mamboleo hadi mjini Kisumu, na Jumapili nikiwa na nguvu naenda Maseno, pale barabara inapokata ikweta. Kurudi ni mteremko mwingi, na hapo ndipo taabu ilipojitokeza: kila nikibana breki ya mbele, kitu kinagonga chini ya usukani, tok, kama nyundo ndogo. Nikiinua gurudumu la mbele na kugeuza usukani polepole, unasita ukifika katikati, unakwama kidogo, kisha unaachia.

Kumbe huko kukwama kuna sababu. Muda mwingi usukani umenyooka, kwa hiyo gololi zinapigwa na mashimo ya barabara zikiwa zimekaa palepale. Miaka ikienda zinachimba vijishimo kwenye njia yake. Grisi mpya haizibi vijishimo. Hapo ni kununua hedseti nyingine, yaani ule mkusanyiko mzima wa vikombe, beringi na pete unaoifanya foku izunguke ndani ya shingo ya fremu.

Nilipima shafti ya foku, lile bomba linalopanda ndani ya shingo, kwa rula, nikapata kama milimita 28 na nusu. Nikaingia duka moja la spea mjini nikasema nataka hedseti ya inchi moja na moja ya nane, isiyo na uzi. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja. "Hii inaingia zote, mkubwa." Nikalipa shilingi 900, nikaondoka nikijiona mjanja.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Kibuye ambaye ametengeneza baiskeli za Black Mamba tangu sijazaliwa. Alishika vikombe vipya, akavitazama, akatazama shingo ya baiskeli yangu, akacheka. "Omera, hivi vitacheza humo ndani kama jiwe kwenye debe." Vikombe vilikuwa vya tundu la milimita 34. Tundu la fremu yangu ni 44. Shafti ilikuwa sawa kabisa, ndiyo maana nilidanganyika: baiskeli nyingi za kisasa zina shafti ya milimita 28.6 upande wa juu, ila fremu zake zina matundu tofauti. Nilirudi dukani, nikaonyeshwa kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Mara ya pili nilifanya kazi ya shule. Mzee alitoa hedseti ya zamani kwanza, akivigonga vikombe kutoka ndani kwa kipande cha bomba alichokipasua mwisho wake. Fremu ikiwa tupu tukapima kwa vania, kipimo cha meno mawili kinachobana au kutanuka ndani ya tundu: juu 44, chini 44, na pale pete inapokaa juu ya foku, 30. Hapo zile herufi za kwenye pakiti zikaanza kuwa na maana. EC ni vikombe vinavyokaa nje ya fremu, unaviona vimetuna. ZS ni vikombe vilivyozama ndani, unaona ukingo mwembamba tu. IS haina vikombe kabisa, beringi inakaa kwenye fremu yenyewe. Namba inayofuata ni tundu la fremu, na baada ya mkwaju (/) ni shafti kwa upande wa juu, au kiti cha pete kwa upande wa chini. Yangu basi ni ZS44/28.6 juu na ZS44/30 chini. Niliandika hivyo hivyo kwa muuzaji wa Nairobi, nikamwambia nataka beringi zilizofungwa, si gololi za kwenye wavu. Shilingi 2,400 pamoja na kutumiwa kwa basi.

Kama vikombe vyako vya zamani bado ni vizima, unaweza kununua beringi peke yake. Lakini soma maandishi ya ubavuni: 36x45 na 45x45 si kitu kimoja hata kama upana unalingana. Hizo ni digrii za mlalo wa kingo zake, na zisipolingana na pete, beringi inagusa kwa ncha tu. Itapiga kelele na kufa mapema.

Kuweka kulichukua chini ya saa moja. Sikutaka nyundo kwenye alumini, kwa hiyo mzee alipitisha chuma chenye uzi katikati ya shingo, akaweka washa pana na nati kila upande, akakaza hadi vikombe vikazama vyenyewe, vimenyooka. Pete mpya ilikuwa na mkato, ikaingia kwenye foku kwa mkono. Jambo moja sikulitarajia: kifuniko cha juu ni kirefu kuliko cha zamani, ikabidi tutoe spesa, yaani pete ya kujaza nafasi, ya milimita 5 chini ya stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na shafti, la sivyo stemu isingeshika shafti ya kutosha. Boliti ya juu ya stemu haishikilii usukani. Kazi yake ni kuondoa mchezo, basi. Unaikaza kidogo, ukibana breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele na nyuma bila kusikia ile tok, ndipo unakaza boliti za ubavuni mwa stemu.

Miezi mitatu sasa, mvua za Aprili zikiwamo. Usukani unageuka kama umewekwa kwenye mafuta na ile tok imekwisha. Naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu mpira wa kuzuia maji upande wa chini ni mwembamba mno, na huko ndiko gurudumu linakorusha matope yote. Nimeuzungushia kipande cha tyubu kuukuu, kinasaidia.

Ile hedseti ya kwanza ilibaki kwenye kopo la mzee. Wiki iliyopita alipata kijana wa Nyalenda mwenye fremu ya 34, akampimia, ikaingia, nami nikatumiwa mia tano kwa simu.