TAHADHARI: Begi unaloonyeshwa Kariakoo silo unaloondoka nalo

Mnaoandaa safari, hasa mnaopeleka wazee Umra, someni hii kabla hamjaenda Kariakoo kutafuta begi la matairi. Naandika nikiwa nimechemka, kama mpangilio umeharibika mtanisamehe.

Safari ya mama ya Umra mnaijua, sirudii. Tuliingia duka moja la mabegi hapo Kariakoo baada ya Adhuhuri, jua linawaka. Kijana akainuka mwenyewe: "Shikamoo mama." Akampisha kwenye stuli yake, akamfungulia maji ya baridi. Kusikia tu Umra, akaweka mkono kifuani: "Mama yangu, ukifika Madina usinisahau kwenye dua." Sasa mtu wa hivyo unaanzaje kumshuku? Tena kazi anaijua. Alimuuliza mama ndege inaruhusu kilo ngapi, akasema begi la inchi 28 ukilijaza linapita kilo 23 bila wewe kujua, bora inchi 24. Akatufafanulia plastiki mbili za mabegi, polikaboneti na ABS: ya kwanza ukiibonyeza inaingia ndani halafu inarudi, ya pili ikipata kipigo inapasuka. Akalilaza begi la bluu sakafuni, akapanda na viatu vyake, akaruka. "Panda na wewe dada." Nikapanda! Na dera langu, watu wanapita wananiangalia, na begi kweli likabonyea likarudi. Nikatoa laki na themanini, hata kushusha bei nikaona aibu.

Hapo ndipo akasema: "Hili la maonyesho limechubuka, ngoja nikutolee jipya stoo." Akarudi na lenye nailoni, bluu ileile, kibandiko kilekile. Nikitaka kuichana, akanizuia: "Litachafuka njiani dada, mama akafungulie nyumbani." Na mama akamuunga mkono, mnavyomjua na usafi wake.

Jeddah begi limetoka kwenye mkanda kona imepasuka, matairi mawili hayapo, zipu imeachia. Nguo za ndani za mama yangu, mtu mzima vile, zinazunguka mbele ya kundi zima, wanaume wamo, na ubuyu aliompelekea shangazi umemwagikia kila kitu. Kiongozi wa kundi ikabidi ageukie ukutani. Mama alinipigia usiku ule hasemi neno, analia tu.

Nimerudi dukani. Kijana ni yuleyule, ila sasa hanijui. "Risiti iko wapi?" Siku ile aliniambia akitoa ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inapanda, akaniandikia kikaratasi kisicho hata na jina la duka, chini kimegongwa muhuri "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Wenzake wakacheka. "Hilo wamevunja watu wa ndege, dada, kawadai wao."

Mtu huyu afungiwe duka, anyang'anywe leseni, apigwe marufuku kuuza hata leso! Tume ya Ushindani, FCC, si ndiyo kazi yao kukamata bidhaa bandia? Waje na gari, lile begi la maonyesho lipo palepale mlangoni linaendelea kurukiwa. Kinachoniuma zaidi, mama alimuombea dua kweli Madina. Nimemuuliza, akasema ahadi ni ahadi.

Wanaouliza dalili za begi bandia: chaneni nailoni mkiwa dukani, na mlibonyeze begi lilelile mnaloondoka nalo. ABS nyembamba ukiikandamiza kwa kidole gumba inaacha alama nyeupe. Kufuli la hili letu lina alama ya TSA (yale ambayo wakaguzi wa uwanja wa ndege wa Marekani hufungua kwa ufunguo wao) lakini tundu la ufunguo ni pambo tu, hata njiti ya kiberiti haiingii. Anayekwepa risiti ya EFD, ondoka. Na begi likivunjika ndegeni, andikisheni hapohapo uwanjani kabla ya kutoka. Mkataba wa Montreal wa 1999 unatoa siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi, na zetu ziliisha mama yuko Makka. Kuna mengine nimesahau, nikikumbuka nitaongeza.

Jina la duka siandiki hapa. Kama umeuziwa begi kwa mtindo huu na una kikaratasi chenye muhuri ule, nitumie picha inboksi. Jumatatu naenda FCC na begi lenyewe, tukiwa wengi hawatatuambia turudi kesho.