Walitaka kuniuzia giaboksi bila kufungua hata skrubu ya oili: uzoefu wangu na gereji ya injini za boti Kisumu

Nyota moja. Gereji hii ya injini za boti hapa Kisumu ilinitoza pesa za "uchunguzi" bila kuchunguza chochote, halafu ikataka kunibadilishia giaboksi nzima isiyo na kasoro yoyote. Jina silitaji. Lakini kama una boti Dunga, Usenge, Mbita au popote ziwani, tafadhali soma kabla hujatoa shilingi yako.

Ilikuwa mwezi uliopita, au ule wa kabla yake. Boti yangu ilikuwa inarudi kutoka kisiwa cha Ndere na wageni, na upepo ulikuwa umesukuma gugumaji lote upande wetu wa Ghuba ya Winam. Kijana wangu wa usukani akawa kila saa anainua injini na kuchomoa mizizi iliyojisokota kwenye propela. Walipofika maji wazi akaongeza mafuta. Injini ikapiga kelele, boti haikwenda. Akipunguza, inatembea vizuri. Akiongeza tena, injini inalia bure na boti inalegea. Wakaingia Dunga mwendo wa kobe, giza linaingia, na mimi nimesimama ufuoni nikihesabu vichwa.

Sasa, boti inayokwenda ukiwa polepole na kukataa ukiongeza mafuta inakuambia jambo. Gia zikiwa zimekwisha, utasikia zikiruka na kugonga, na mgongano huo unausikia hadi kwenye mbao unazokanyaga. Hatukusikia mgongano wowote. Hayo yote nilimweleza fundi wa gereji. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Yeye akamgeukia kijana wangu: "Mwambie mathe akae kivulini, hii si mambo ya jikoni."

Boti ni yangu. Injini nilinunua mimi, kwa pesa ya omena, kabla hata huyo kijana wangu hajajua kushika usukani. Na bado kila swali nililouliza lilijibiwa kwake, kana kwamba yeye ni mkalimani wangu.

Wakaitumbukiza injini kwenye pipa la maji, wakaiwasha, wakaingiza gia. Propela ikazunguka, ya mbele na ya nyuma. Nikauliza, kama gia zimekufa mbona inazunguka? Fundi akamjibu kijana: "Giaboksi imeisha. Elfu 80, na muagize mapema." Kwenye pipa hakuna mzigo wa kusukuma, kwa hiyo hapo hata ile raba ya ndani ya propela, inayoishikanisha na injini, ikiwa imechoka itazungusha propela bila shida. Mtu anayefanya kazi hii kila siku analijua hilo. Au basi hajui, na sijui lipi ni baya zaidi.

Nikalipa huo uchunguzi wao, nikachukua injini yangu. Tulipoilaza Dunga ndipo nikaona kitu kilichonichemsha damu. Chini ya mguu wa injini kuna skrubu mbili za oili ya gia, moja chini ya kumwagia, moja juu ya kuingiza hewa. Mfereji wa zote mbili ulikuwa umejaa tope kavu la ziwa. Bisibisi haikuwa imegusa pale. Waliihukumu giaboksi kifo bila kuona hata tone la oili yake.

Mzee mmoja wa pale ufuoni, fundi wa miaka mingi, alianza hapo hapo. Akakwangua tope kwa msumari, akaweka sufuria chini, akafungua. Kama maji yangekuwa yameingia, oili ingetoka nyeupe kama chai ya maziwa. Ilitoka safi. Akapangusa ncha ya skrubu yenye sumaku kwa kidole gumba, akanionyesha: hakuna chembe za chuma. Kisha akatoa propela na kutafuta nyuzi za nyavu nyuma yake, kwa sababu nyuzi zikijisokota pale hukata sili na kuingiza maji kwenye gia. Alizikuta kidogo, akazitoa, sili ilikuwa nzima.

Halafu akaniuliza, "Nyathina (mwanangu), una rangi?" Nilikuwa na rangi ya kucha kwenye mkoba, nyekundu. Akachora mstari mmoja ulionyooka kutoka bomba la katikati la propela, juu ya raba, hadi kwenye mwili wa nje wenye mapanga. Tukaingia majini, tukaongeza mafuta hadi injini ikalia vile vile, tukarudi. Mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha ndani kiko huku, cha nje kimehamia upande mwingine kabisa.

Ile raba imewekwa makusudi. Propela ikigonga jiwe, iteleze yenyewe ili gia zipone. Ikizeeka au ikielemewa inateleza hata bila jiwe, injini inazunguka peke yake na propela haifuati. Dawa yake ni propela nyingine au raba mpya. Nililipa pesa ambayo haifiki hata robo ya ile ya giaboksi, na boti inakimbia.

Niseme pia ukweli wa upande wao. Gereji hiyo hiyo iliwahi kunisafishia kabureta na ikafanya kazi nzuri sana. Plagi na sili zao ni halisi, si zile za kuvunjika wiki ya pili. Nilipokuwa naanza kuandika haya nilifikiria kuwapa nyota mbili, labda tatu. Lakini nikamfikiria mama wa Usenge asiye na mzee kama huyu karibu. Angeuza ng'ombe alipe hiyo elfu 80, apate giaboksi mpya na propela ile ile, na boti ingekataa tena katikati ya ziwa. Hapana. Nyota moja inatosha, na hata hiyo ni ya msichana wa kaunta aliyeniandikia risiti na kuniita kwa jina langu.

Nilirudi na propela mkononi, rangi bado iko. Mwenye gereji akatoka, akaitazama, akasema watanirudishia nusu ya pesa ya uchunguzi. Nimeikataa. Nataka yote, na nataka yule fundi aniombe radhi mimi, uso kwa uso, si kupitia kwa kijana wangu. Mpaka leo hawajapiga simu.