Nililipia fisi maji, nikapewa moshi

Wiki kadhaa zilizopita nilienda na mdogo wangu mwalo mmoja huku Ilemela, Mwanza, ambako kikundi cha wavuvi wenyewe kinapeleka watu kwa boti kuangalia fisi maji, wale wanyama wa majini wanaokula samaki. Wazo zuri sana. Sijui kwa nini wakamkabidhi mashine yule nahodha.

Jamani! Aliyaendea yale mawe kama anawahi mnada wa dagaa. Mashine inanguruma, moshi unatujaa puani, ndege wote wametimka. Tumefika, tunaoneshwa kinyesi juu ya jiwe, kibichi, kimejaa magamba ya samaki. Mwenye kinyesi alishazama zamani.

Nikamwambia kwa upole (naam, kwa upole) kwamba kule Kampi, Kambodia, kwenye mto Mekong, wenye boti wakiwafikia pomboo wanazima mashine na kutulia. Na hao pomboo wanahesabika: mwaka 2020 walikadiriwa kuwa 89, mwaka 2024 wakafika 105, na kinachowaua zaidi ni nyavu za makila kama hizi zetu, wakinasa hawawezi kupanda juu kuvuta hewa.

Akanitazama juu mpaka chini. "Dada, hao pomboo wanakuchania nyavu?"

Nikanuna. Nyota moja, nikasema moyoni, na hiyo ni ya mdogo wangu aliyetapika bila kulalamika.

Akaendelea mwenyewe, hakuna aliyemuuliza. Kikundi kilipoanza waliahidiwa kwamba fisi maji akichana wavu, hela ya wageni itafidia. Wake umechanwa mara mbili. Fidia hajaiona, na kila akiuliza anaambiwa daftari liko kwa katibu, katibu kasafiri. Hapo hasira yangu ikashuka kwenye boti, ikarudi mwaloni.

Hatujayaacha mawe mbali, mafuta yakakata. Nikacheka kwa uchungu. Kijana wake akawa anamimina ya kidumu, kimya kimetanda, ndipo kikachomoza kichwa bapa, kimelowa. Kingine. Fisi maji wa tatu, madoa meupe kooni, akapanda jiweni na sato, akamshika kwa mikono miwili na kuanza kumtafuna kichwani, kru kru, tunasikia.

Kijana akashika kamba ya mashine avute. Nahodha akamdaka mkono. "Acha kwanza."

Sasa niwape ngapi? Safari, nne. Kikundi, sifuri. Au tatu, sijui. Ukienda, hela ya yule mzee mpe mkononi, usiiache mezani kwa kikundi.